Milango ya Nyumba ya Bibi

Shangazi alipoamua kumwoza binti yake nyumbani kwa bibi, Ngamiani mjini Tanga, kuta za ukumbi zilipakwa rangi upya zikapendeza, na hapo ndipo milango ilipotuumbua. Ilikuwa ya mvule, mizito, ila mvule wenyewe hakuna aliyeukumbuka. Kila ikikaribia Idi babu, Mungu amrehemu, aliiongezea mkono mmoja wa rangi nyeupe ya mafuta, ile inayong'aa, mpaka mifereji ya mbao ikajaa. Usiku taa ikiwashwa, mlango unakurudishia mwanga machoni na kila tone lililogandia linaonekana. Weupe nao ulikuwa umegeuka manjano, hasa nyuma ya mapazia. Bibi aliusingizia udi. Fundi akasema hapana, rangi ya mafuta hugeuka manjano pale pasipofika mwanga.

Shangazi alitaka rangi inayometa kidogo tu. Bibi hakutaka hata kusikia.

"Isiyong'aa ni ya ukutani. Mlango nitaufutaje mie?"

Mjomba akaingilia kati: inunuliwe galoni ya rangi ya maji, ipakwe juu kwa juu, jioni tumemaliza. Fundi, mzee mpole ambaye bibi alimwita "mwanangu" ijapokuwa alikuwa na mvi, hakubishana naye. Alitupeleka uani, kwenye mlango wa chumba cha mpangaji, uliopakwa hivyohivyo mwaka uliotangulia. Akabandika kipande cha tepu, akakisugua kwa kidole gumba, akavuta. Rangi ikatoka utepe mzima, kama gamba la nyoka. Chini yake ile ya mafuta inang'aa vilevile, haina hata mkwaruzo.

"Haikupata pa kushika, baba," alimwambia mjomba. Kisha akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua ile rangi ya juu, pamba ikachafuka. Aliposugua ile ya chini, pamba ilitoka safi. Rangi ya maji huyeyuka kwa spiriti, ya mafuta haijali. Toka siku hiyo mimi hupima hivyo kila nyumba ninayohamia.

Tulikuwa Januari, kaskazi inavuma, nami nikafanywa msaidizi wa fundi. Kuosha kwa maji ya sabuni kulikuwa kwepesi, isipokuwa kuzunguka vitasa, ambako mafuta ya mikono ya miaka yalikuwa yameshikana na rangi. Msasa ndio uliotutoa jasho. Fundi alikataa katakata tusugue pakavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Na nyumba ile haikosi watoto. Basi tukatumia msasa wa maji, tunachovya, tunasugua, tunafuta matope meupe kwa kitambaa. Msasa namba 120, ulio mkali, kwenye matone na michirizi, halafu 240, ulio laini zaidi. Nilipoanza kuchimba ili nifikie mbao, alinishika mkono: hatuondoi rangi, tunaua mng'ao. Akawa anawasha tochi ubavuni mwa mlango, pakimeta, turudie. Nilimwona msumbufu. Lakini kazi yake naijua ilivyo leo.

Ikafuata praima, rangi ya msingi inayoshika juu ya rangi ya mafuta, ikaachwa ilale. Kesho yake ndipo ikaja rangi mpya, ya maji lakini ya mbao, mikono miwili myembamba, na msasa laini katikati.

Alianza na chumba cha bi harusi, nasi tukadhani ni heshima. Kumbe alikuwa anahesabu siku. Rangi ya namna hiyo ukiigusa huiona imekauka kwa saa chache, lakini kukomaa huchukua wiki kadhaa, na mlango ukifungwa mapema hunata kwenye fremu ukang'oka rangi. Milango mingine yote akapiga marufuku isifungwe. Arusi ikaja, nyumba imejaa wageni kutoka Pangani na Muheza, kila chumba kimewekwa pazia tu, na wanaume wanakohoa kabla ya kukatiza ukumbini. Bi harusi peke yake ndiye aliyekuwa na mlango wa kufunga.

Shangazi alisifiwa sana kwa ile milango. Bibi alipita akiipapasa, hasemi kitu, mpaka akafika jikoni. Pale fundi alikuwa amepiga msasa kama kwingine, kisha akarudishia rangi ya mafuta inayong'aa, kwa sababu ya masizi na mafuta ya kukaangia. Bibi akaufuta kwa kanga yake.

"Huu ndio aliopaka akiwa na akili zake," akasema.