Umbo la protini liko kwenye bondi mbili tu

Wanafunzi wengi ninaowasaidia masomo hapa Wandegeya wanajua kuchora alfa heliksi, ule msokoto wa protini kama springi, vizuri kabisa, lakini ukiwauliza kwa nini mnyororo wa amino asidi ujisokote vile na si vingine wanakwama, na hapo ndo utamu wote ulipo jamani.

Angalia uti wa mgongo wa protini: naitrojeni, kaboni alfa (ile ya katikati inayobeba kikundi cha pembeni cha amino asidi), kaboni yenye oksijeni, halafu naitrojeni ya amino asidi inayofuata, hivyohivyo mpaka mwisho. Bondi ya peptaidi, ile inayounganisha amino asidi mbili, haizunguki ovyo, elektroni zake zimesambaa mpaka imekuwa na tabia ya bondi ya mara mbili, kwa hiyo eneo lile lote linakaa bapa. Zinazobaki huru ni mbili, kila upande wa kaboni alfa moja, pembe zake za kuzunguka zinaitwa fai (upande wa naitrojeni) na sai (upande wa kaboni yenye oksijeni). Kata vipande viwili vya boksi gumu, vifunge kona kwa kona na waya, anza kuvizungusha, utaona vinagongana mapema sana.

Kule kugongana ndo kunaamua kila kitu. Mwaka 1963 G. N. Ramachandran na wenzake kule Madras, India, walipiga hesabu ya jozi za fai na sai, wakakuta sehemu kubwa haiwezekani kwa sababu atomu zingekanyagana. Yakabaki maeneo machache. Ukirudia fai karibu digrii -60 na sai karibu -45 kwa kila amino asidi mnyororo unajisokota wenyewe, amino asidi 3.6 kwa mzunguko mmoja, oksijeni ya moja ikivutana na haidrojeni ya ile ya nne mbele yake, basi hiyo ndo heliksi. Ukirudia karibu -120 na 130 unanyooka, unapata nyuzi za beta.

Amino asidi ninayoipenda zaidi ni glaisini. Pembeni ina haidrojeni tu, hakuna kikubwa cha kugonga, kwa hiyo inaingia kwenye pembe ambazo wenzake hawathubutu, utaikuta sana kwenye kona kali za protini. Prolaini ni kinyume, pete yake inaibana fai karibu -65.

Sasa hawa wawili wakutane kwenye kolajeni, ile protini iliyojaa kwenye mulokoni, yaani kwato za ng'ombe za supu. Prolaini nyingi zinashikilia kila uzi kwenye msokoto wake, halafu nyuzi tatu zinasokotana pamoja, na kila nafasi ya tatu lazima iwe glaisini maana katikati hapatoshi kitu kingine. Ukichemsha kwato masaa mengi nyuzi zinaachana, supu inanata vidoleni, ikipoa zinajaribu kusokotana tena hapa na pale ndo inaganda. Mwilini hakuna mchezo huo, glaisini moja ikibadilishwa na amino asidi kubwa zaidi kwenye kolajeni ya mifupa, msokoto unaharibika pale, na mtoto anaweza kuzaliwa na mifupa inayovunjika hata akibebwa tu.