Magari Mawili, Pampu Moja: Uzoefu Wangu na Mafuta ya Etanoli Minnesota

Katika buti la Subaru yangu kuna mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo, kizibo cha mpira na chupa ndogo ya maji. Abiria wangu hudhani nimeanza kazi ya maabara, lakini kifaa hicho cha dola chache kimeniokoa kuliko kipuri chochote cha gharama nilichowahi kufunga kwenye gari hilo. Kwa kuwa wenzangu kadhaa huniuliza jinsi ninavyoendesha gari la tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwa mafuta ya etanoli bila kuiua injini, nimeona niandike yaliyonitokea, makosa yakiwamo.

Ninaishi Minnesota, jimbo la Marekani lenye mashamba ya mahindi, ambako tangu 1997 sheria inataka petroli ya kawaida ichanganywe na etanoli, kiangazi na kipupwe, na sasa kiwango ni asilimia 10. Hapa, basi, karibu kila dereva anatumia etanoli, hata yule anayedai kuiogopa. Kwangu mimi haikuwa jambo geni sana, kwani nilikulia karibu na Muhoroni, Kenya, ambako molasi ya miwa iligeuzwa etanoli hiyo, yaani spiriti, na wazee wetu katika miaka ya 1980 waliendesha magari kwa petroli iliyochanganywa nayo. Tofauti ni kwamba hapa, kando ya pampu ya E10, yaani ile petroli yenye asilimia 10 ya etanoli, unaweza kuikuta E15, inayouzwa kwa namba ya oktani (kipimo cha mafuta kutolipuka kabla ya wakati) 88 na kuruhusiwa kwa magari ya mwaka 2001 na baada yake, pamoja na E85, yenye etanoli nyingi kuliko petroli, ambayo imekusudiwa magari yaliyoundwa kuipokea tu.

Gari letu la kila siku, Chevrolet Impala ya 2012, ni mojawapo ya hayo. Kifuniko cha tanki lake ni cha manjano, na kompyuta yake hujirekebisha yenyewe kwa mchanganyiko wowote kuanzia petroli tupu hadi E85. Hapo kinachohitajika ni hesabu tu. Galoni ya etanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko galoni ya petroli, na nilipoandika kila risiti kwa miezi minne nilikuta kwamba Impala huenda maili 24 kwa galoni ya E10 na maili 18.5 kwa galoni ya E85. Maana yake ni kwamba E85 inanifaa pale tu bei yake inapokuwa chini ya asilimia 77 ya bei ya E10. E10 ikiwa dola 3.20 na E85 dola 2.40, ninaokoa kiasi kisichofika nusu senti kwa kila maili. E85 ikipanda hadi dola 2.70, ninapoteza zaidi ya senti moja kwa maili ileile. Mke wangu, ambaye ndiye huliendesha zaidi, aliniambia waziwazi kwamba kwa nusu senti hawezi kwenda kusimama kwenye pampu mara nyingi zaidi katika baridi ya Januari, na sikuwa na hoja ya kumjibu.

Subaru ni habari nyingine. Ni WRX ya 2011, yenye injini ya lita 2.5 na tabo, na katika injini ya namna hiyo adui mkubwa ni kugonga, yaani mafuta kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake na kuzipiga pistoni ambazo, kwa toleo hili, hazisifiki kwa ugumu. Petroli bora katika vituo vya mtaani kwetu ni ya oktani 91. (Msomaji wa Kenya asidanganyike na namba hiyo: hapa pampu huonyesha wastani wa vipimo viwili, ilhali nyumbani hutumika kile cha juu peke yake, kwa hiyo 91 ya huku inakaribia 95 ya huko.) Etanoli hustahimili kugonga kuliko petroli hiyo, na zaidi ya hapo, inapogeuka mvuke hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya linalofyonzwa na petroli, hivyo hewa inayoingia kwenye silinda inapoa. Ndiyo sababu Koenigsegg, watengenezaji wa magari ya kasi wa Sweden, walipotoa gari lao la CCXR mwaka 2007 lilikuwa na nguvu za farasi 1,018 kwa E85, wakati ndugu yake wa petroli alikuwa na 806. Mimi sikuwa na ndoto za Koenigsegg, lakini wazo la kupata mafuta ya mashindano kwa bei ya chini kuliko petroli ya kawaida, tena katika kituo kilicho dakika tano kutoka nyumbani, liliniondolea subira.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyohiyo. Tanki lilikuwa karibu nusu; nikajaza E85 hadi juu, nikijiambia kwamba mchanganyiko utakuwa mdogo na kompyuta ambayo gari lilitoka nayo kiwandani itajua la kufanya. Kabla sijafika kazini kesho yake gari lilikuwa likisitasita, taa ya injini imewaka, na kisomaji cha hitilafu kikaonyesha P0171, yaani hewa imezidi na mafuta yamepungua. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukishaumia. Kilo moja ya petroli huungua vizuri na kilo 14.7 za hewa, lakini kilo moja ya etanoli hutosheka na kilo 9 tu. Kwa hewa ileile, basi, injini inadai mafuta mengi zaidi, na kwa E85 nyongeza hiyo ni kama theluthi moja. Kompyuta, ikifuata sensa ya oksijeni, ilijaribu kufidia ikafika kikomo chake. Kilichoniponya ni kwamba sikukanyaga mafuta kwa nguvu, maana tabo ikisukuma hewa ndani ya silinda zenye upungufu wa mafuta, pistoni huyeyuka au kupasuka. Nilikwenda taratibu hadi pampu ya petroli, nikaongeza galoni chache kila nilipopata nafasi, na baada ya siku tatu taa ikazima.

Nilirudi kwenye jambo hili miezi minane baadaye, nikiwa na fedha na adabu. Nilibadilisha injekta (vinyunyizio vya mafuta) nikaweka kubwa zaidi, nikaweka pampu ya mafuta inayostahimili etanoli, na fundi wa kompyuta za injini akaandika mpangilio mpya huku gari likiwa kwenye mashine ya kupima nguvu. Kwa petroli ya 91 magurudumu yalitoa nguvu za farasi 241. Kwa E85, pamoja na kuruhusu tabo isukume zaidi kidogo na cheche iwahi zaidi, yalitoa 287. Wiki ya pili gari likaanza kukosa pumzi kwenye mwendo wa kasi, nami nikamlaumu fundi kimoyomoyo, hadi tulipofungua filta ya mafuta tukaikuta imejaa uchafu mweusi. Etanoli ni kiyeyushi, na ilikuwa imekwangua masalia ya miaka mingi katika tanki na mabomba. Filta mpya ilimaliza tatizo, na tangu hapo humshauri kila anayehama kutoka petroli awe na filta ya akiba kabla hajaanza.

Fundi alinisihi pia nifunge sensa ya etanoli. Nikaona dola mia kadhaa ni nyingi, nikamwomba aandike mpangilio mmoja tu wa E85. Hilo ndilo kosa langu la pili, nalo lilijificha majira yote ya joto. Jina E85 linadanganya: sheria za Marekani huruhusu pampu yenye jina hilo itoe kuanzia asilimia 51 hadi 83 za etanoli, kulingana na majira na mahali. Mwezi wa Julai, niliponunua ule mrija kwa udadisi tu, nilitia mililita 10 za maji na 90 za mafuta, nikatikisa, nikasubiri. Etanoli huacha petroli ikayafuata maji chini, na mstari wa utengano ukasimama kwenye 84, yaani mililita 74 kati ya 90, karibu asilimia 82. Nikaridhika, nikauweka mrija kabatini.

Januari, asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, gari likakataa kuwaka. Nilizungusha stata hadi betri ikachoka. Nilipofungua plagi nilizikuta zimelowa mafuta chapachapa, na mafuta ya injini kwenye kijiti yalinuka petroli. Nilikuwa nimejiandaa kulaumu etanoli, kwa kuwa inajulikana kwamba katika baridi kali haitoi mvuke wa kutosha kuwaka. Lakini hilo wauzaji wanalijua, na ndiyo maana kipupwe huipunguza na kuongeza petroli. Mrija ulisimama kwenye 61: asilimia 57. Kompyuta yangu haikuwa na habari. Iliendelea kumimina mafuta kwa kipimo cha Julai, ikaizamisha injini. Nililivuta gari hadi kwa fundi, nikamwaga mafuta ya injini yaliyochafuka, nikalipia sensa bila kubishana. Sensa hiyo hutoa mapigo 50 kwa sekunde pasipo na etanoli na 150 penye etanoli tupu, na kompyuta husoma mapigo hayo na kupanga mafuta, cheche na msukumo wa tabo ipasavyo. Sasa naweza kujaza E85 leo na petroli ya 91 kesho.

Mrija haukustaafu hata hivyo. Vuli iliyopita kipimo cha sensa kilianza kurukaruka kati ya asilimia 30 na 80, na mrija ndio uliothibitisha kwamba mafuta yalikuwa sawa na kwamba kosa lilikuwa kwenye waya ulioliwa na chumvi ya barabarani. Mengine ni ya kawaida: hubadilisha mafuta ya injini kila maili 3,000, na gari likilala kwa miezi mingi siliachi na E85, kwa kuwa etanoli hunyonya unyevu wa hewani. Petroli ya 91 isiyo na etanoli kabisa, ambayo sheria ya hapa huiruhusu kwa boti, pikipiki, magari ya kumbukumbu na mashine ndogondogo, huinunulia mashine ya kuondolea theluji peke yake.

Mwezi uliopita binamu yangu wa Nairobi, mwenye Impreza ya tabo, aliniandikia: "Kaka, hii etanoli ya majiko naweza kuitia kwenye gari?" Nilimjibu kwamba mafuta ya jiko hayakutengenezwa kwa kipimo cha injini, na kwamba hata angepata etanoli safi ningetaka kwanza kujua ana injekta za ukubwa gani, pampu ipi, na kompyuta yake imeandikwa na nani. Alikaa kimya siku mbili, kisha akakiri kwamba hadi sasa alichonunua ni jerikani.