Tulivyoyanasa majitaka yaliyojificha kwenye bomba la maji ya mvua

Halmashauri yetu ilipotakiwa kutafuta majitaka yanayoingia kwenye mabomba ya maji ya mvua, ushauri wa kwanza tuliopewa ni kujenga bwawa la kuchujia maji. Wa pili ni kupima bakteria kila wiki pale bomba linapomwagia mtoni, mpaka takwimu zituonyeshe njia. Huo wa pili tuliufuata kiangazi kizima, na ndio ulionifanya niandike haya, maana najua zipo halmashauri ndogo hapa Massachusetts, Marekani, ambazo bado zinaambiwa vivyo hivyo.

Kwa asiyejua: huku kwetu bomba la majitaka ni lake, na la maji ya mvua ni lake. La mvua haliendi kwenye mtambo wa kusafishia, linamwaga moja kwa moja mtoni. Ndiyo maana mji wenye mabomba hayo unadaiwa kibali chini ya Sheria ya Maji Safi ya 1972, na miji midogo ikaingizwa kwa kanuni za 1999. Kibali chetu kilianza kutumika tarehe 1 Julai 2018. Mto wetu umo kwenye orodha ya mito iliyochafuka, kwa bakteria na kwa fosforasi, na ukishakuwa kwenye orodha hiyo vipeperushi vya kuelimisha wananchi havitoshi. Lazima uingie eneo moja moja la mabomba, utafute kisichostahili kuwemo, ukiondoe.

Sasa, bakteria mdomoni mwa bomba hazina anwani. Zinatoka kwa mabata bukini, kwa mbwa, kwa wanyama wanaolala ndani ya bomba, na nyingine huzaliana kwenye matope ya humo humo. Wiki hii idadi ndogo, wiki ijayo imepaa, na nyuma ya mdomo huo mmoja zipo chemba zaidi ya hamsini. Juu ya hayo, kila sampuli iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Tulilipa maabara fedha ambazo zingenunua vipimo vya kupimia wenyewe barabarani kwa miaka mitatu.

Kilichotutoa ni kusoma kibali chenyewe mstari kwa mstari. Kinasema majitaka yanadhaniwa kuwepo kama amonia imefika miligramu 0.5 kwa lita, sabuni imefika 0.25, na bakteria zimepita kiwango. Au, badala ya bakteria, klorini imeonekana. Hiyo "au" ina thamani kubwa. Amonia, sabuni na klorini unavipima pale pale barabarani, unapata jibu kabla hujafunika chemba, kisha unahamia chemba inayofuata juu. Pima siku kavu tu: ndani ya saa 24 zilizopita mvua isizidi inchi 0.1, wala theluji isiwe inayeyuka. Na kipimo cha sabuni, aina tuliyotumia sisi, kinaacha kimiminika chenye kloroform. Hicho hukusanywa kwenye chupa kama taka ya sumu, msikimwage chini.

Mabomba yanapokutana kwenye chemba moja na hujui maji yanatoka upande gani, ziba kila bomba linaloingia kwa mfuko wa mchanga, uache saa 24 hadi 48. Penye dimbwi nyuma ya mfuko ndipo kwenye kazi. Mifuko ifungwe kamba na ishushwe kutoka juu. Mtu asiingie chemba bila mafunzo na kipima gesi, humo kuna hewa inayoua. Mkisikia utabiri wa mvua, itoeni usiku huo huo, la sivyo mtafurikisha barabara.

Lakini kuna mtaa mmoja kila tukienda bomba ni kavu, hakuna hata tone, na bado mdomoni povu linaonekana Jumatatu. Sisi tunapima saa 4 asubuhi siku za kazi. Watu wanafua jioni na mwisho wa wiki! Hapo ndipo pamba ilipotuokoa. Sabuni nyingi za kufulia zina dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo hung'ang'ania pamba na kuifanya iwake ikimulikwa. Unachukua kipande cha pamba, unakifunga ndani ya kijikapu cha waya, unakining'iniza kwenye njia ya maji ndani ya chemba siku 5 au 7, kisha unakimulika gizani kwa taa ya urujuanimno, kama ile wanayokagulia noti bandia. Pamba, waya na taa kwa mtaa mzima havikufika dola 60.

Mkitumia pamba ya dukani, imulikeni kwanza kabla hamjaitumbukiza. Pakiti yetu ya kwanza iliwaka yote ikiwa mpya, kwa sababu ilikuwa imeng'arishwa kiwandani. Ikitoka kwenye chemba, isuuzeni matope taratibu na muianike gizani, maana jua linaiua dawa hiyo. Na mafuta ya magari nayo huwaka kidogo, kwa hiyo wekeni pamba safi pembeni ya kulinganishia. Tulizima taa ya stoo tukamulika sita: tano giza, na ya chemba ya nne buluu nyeupe, mpaka nyuzi zake moja moja zilihesabika.

Juu ya chemba hiyo kuna nyumba tatu. Tukatia rangi ya kijani chooni katika kila moja, tukafungua maji, tukakodolea bomba la mvua. Hakuna kitu. Rangi ilitokea kwenye bomba la majitaka, mahali pake. Tuliwaandikia wenye nyumba wote kwamba wako salama, na hapo tulikosea, kwa sababu choo si nyumba nzima. Pamba ilikuwa imetuonyesha sabuni ya kufulia, si maji ya choo. Tulirudi na rangi mbili, kijani kwa ghorofani na nyekundu kwa mashine ya kufulia iliyo chini ya ardhi. Nyekundu ilifika kwenye bomba la mvua baada ya dakika 11. Tieni rangi kila mahali panapopita maji, na kabla ya hapo waarifuni zimamoto na ofisi ya mazingira ya jimbo, mto ukigeuka rangi simu zitapigwa.

Mtaa wa pili kosa lilikuwa letu wenyewe, halmashauri. Miji ya zamani hapa ina chemba pacha: bomba la majitaka na la mvua yanapita chemba moja, yakitenganishwa na bamba la chuma lenye boliti. Aliyezibua siku za nyuma alirudisha bamba, boliti hakurudisha. Majitaka yakijaa asubuhi yanaliinua na kumwagikia upande wa pili. Boliti nne na mpira mpya, kazi ya saa mbili. Kibali kinataka chanzo kiondolewe ndani ya siku 60 tangu kijulikane, au muwe na ratiba ya haraka.

Fosforasi ni kufagia. Majani ya vuli yakilowa barabarani hutoa fosforasi kama majani ya chai yanavyotoa rangi, kwa hiyo gari la kufagia lipite kabla ya mvua kubwa. Mashimo ya kupokea maji kando ya barabara yasijae zaidi ya nusu: shusha fimbo, pima kina kutoka chini ya bomba la kutokea hadi sakafuni, kisha kutoka sakafuni hadi juu ya matope.

Ndani ya mwaka mmoja baada ya kuondoa chanzo lazima mrudi kupima. Tulirudi Agosti, siku ya nne bila mvua. Mdomo wa bomba ulikuwa mkavu, na pamba sita za wiki ile zilitoka na matope tu. Chini ya taa hakuna iliyowaka.