Mifuko 40 ya mchele hadi Lubumbashi

Siku za Zambia nazipita. Kutoka Tunduma ni kukaa kwenye basi tu, kula mahindi ya kuchoma, kulala na shingo imepinda. Nianzie Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, maana hapo ndipo hela yangu ilipoishia.

Foleni ya malori tuliikuta mbali sana na geti. Madereva walikuwa wameweka makazi: chandarua kimefungwa chini ya tela, sufuria ya maharage kando ya tairi, mashati yaliyofuliwa yananing'inia kwenye vioo. Mmoja wa Dar es Salaam, aliyebeba salfa ya migodini, alikuwa siku ya sita pale. Upande wa pili wa barabara shaba ilikuwa inashuka kwenda bandarini, bamba nyekundu zimefungwa mafungumafungu kwa mikanda ya chuma. Nilizikodolea macho. Mkoa wa Katanga, kule tunakokwenda, wakati wa Mobutu uliitwa Shaba, na nikiwa mtoto nilidhani ni jina la mtu.

Mzigo wangu ulikuwa mchele wa Kyela, mifuko 40 ya kilo 50, nimechangia lori na wenzangu. Kabla ya kutoka Mbeya nilihangaika wiki nzima kupata cheti cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, karatasi ya kuthibitisha kwamba mchele ni wa kwetu, na nilikipata, na nilikiweka kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa. Nilikuwa na imani kweli kwamba kitanipunguzia ushuru. Tanzania na Kongo tuko pamoja SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu Kongo ilipoingia mwaka 1997, na tangu Julai 2022 tuko pamoja tena Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndugu mara mbili, nikawa najisemea.

Wakala wa forodha niliyeelekezwa na dereva alikuwa kijana mtaratibu, shati limenyooshwa. Alikitoa cheti kwenye bahasha, akakigeuza nyuma, akakirudisha.

"Mama, hii ya Arusha hapa hawajaizoea bado. Uko na ya COMESA?"

Nitaitoa wapi? Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Zambia imo, Kongo imo, mimi nimepita katikati yao bila kitu. Nikamuuliza habari za SADC. Akasema eneo huru la biashara la SADC lilipoanza mwaka 2008 Kongo haikuingia, na mambo ya karatasi zile yeye hayajui vizuri. Nikataja lile eneo huru la pamoja la jumuiya zote tatu, lililotiwa saini Sharm el-Sheikh Juni 2015 na kuanza kutumika tarehe 25 Julai 2024 baada ya nchi 14 kuridhia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Karatasi yake sijaiona hata siku moja. Lipa tu, mama. Njo vile iko."

Nikalipa kama mtu aliyetoka Thailand. Ushuru, ada hii na ile, gharama ya yeye mwenyewe, na vistakabadhi vingine vilivyoandikwa Kifaransa ambavyo mpaka leo sijui ni vya nini. Noti yangu moja ya dola 100 ilikataliwa. Aliyekuwa anapokea aliiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha pembeni, akanionyesha: ilikuwa imechanika pale chini, mchaniko mdogo kuliko punje moja ya mchele wangu. Kongo dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi, na hakuna aliyeniambia hilo nyumbani. Nikaazima kwa dereva.

Lubumbashi ni mji mzuri, barabara pana, miti, na lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, linaonekana karibu kila unapogeuka. Lakini ni ghali. Chumba nililipa dola 30 kwa usiku na maji yakaja kwa ndoo. Usiku wa tatu nikahamia mtaa wa Katuba kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyenunua mifuko yangu 15, akakataa kabisa nilipie kulala.

Nyumbani kwake kulikuwa na mdogo wake wa kiume aliyetoka Goma na begi moja, baada ya mji kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Hakuwa msemaji. Dada yake ndiye aliyesema. Kwanza walikuja askari wa Afrika Mashariki, Novemba 2022, wakaondoka Desemba 2023. Desemba ileile wakaingia wa SADC, na Machi 2025 wakaambiwa kazi yao imekwisha. "Wale wakatoka, hawa wakaingia. Na Goma?" Nilikaa kimya, maana kwenye kikosi cha SADC walikuwemo na askari wa kwetu. Nilikumbuka Februari 8, jumuiya zote mbili zilipokaa meza moja Dar es Salaam zikataka vita visimame na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Siku hiyo nilijivunia sana nchi yangu. Kule Katuba sikuweza kulitaja.

Akanisimulia pia Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka siku chache kwa sababu Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Bukari, yaani ugali, ya Lubumbashi inategemea sana mahindi ya Zambia. Yeye hauzi bia wala hanywi, lakini alizunguka soko la Kenya, la hapohapo Lubumbashi, akitafuta unga.

Jioni ya mwisho alipika mchele wangu kwa sombe, yaani kisamvu, na samaki. Alifunua sufuria, akainamia mvuke, akasema, "Yaya, huu unanukia." Tukala. Halafu akauliza, bila ubaya wowote: "Na mama wa Kongo akileta vitenge kwenu, mnamupokea namna gani?"

Nilimwona palepale yule mama wa Tunduma, mwaka juzi, kando ya geti upande wetu. Vitenge vyake vilikuwa vimemwagwa chini, anavikunja upya kimoja kimoja juu ya goti lake, analia bila sauti. Mimi nilikuwa nawahi basi la Mbeya.