Leseni ya siku 30

Mwaka 2013 nilikuwa nasimamia steshenari ya shangazi yangu mjini Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Tulikuwa na mashine mbili, printa moja ya leza, fotokopi kuukuu na modemu ya kuchomeka. Wateja wetu wakubwa walikuwa wanachuo. Msimu wa kukusanya risechi ukifika, foleni ilitoka nje hadi kwa mama wa vitumbua, kila mmoja ana flashi yake mkononi, na kila flashi ina virusi vyake. Miaka ile kulikuwa na kirusi kimoja kilichotusumbua sana watu wa steshenari: unachomeka flashi ya mteja, unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, ukibofya moja tu na mashine yako imeshaambukizwa. Antivirusi yetu ilikuwa haijasasishwa kwa miezi, maana kuisasisha kulikula bando, na bando tulilitunza kwa ajili ya kutuma barua pepe za wateja.

Kwa hiyo ujumbe ule ulipoingia Facebook, ulinikuta na shida tayari. Ulitoka kwa rafiki niliyesoma naye sekondari: antivirusi kamili, bure siku 30, jaribu kabla ofa haijaisha. Ulikuwa wa Kiingereza, na yeye miaka yote huniandikia Kiswahili tupu. Hilo niliona, nikalipita. Nililipita kwa sababu nilikuwa na habari nyingine kichwani, tena habari ya kweli: Aprili 2012 Facebook yenyewe ilifungua ukurasa ambapo kampuni kubwa za usalama wa kompyuta, zikiwemo McAfee na Symantec, zilitoa leseni za bure za miezi 6. Nikajiambia hii itakuwa ndiyo ileile. Sikwenda kutazama. Nilibofya kiungo, ukatokea ukurasa wenye ngao ya kijani, nao ukanitaka kwanza niongeze kitu kidogo kwenye Chrome ndipo nipakue. Nikaongeza, nikapakua. Kisha programu ikaniomba nizime antivirusi ya zamani, nikazima.

Ikaanza kuskani. Haikumaliza hata dakika moja, ikasema imekuta virusi zaidi ya mia. Orodha ilishuka kwenye kioo kwa maandishi mekundu, na nakiri nilifarijika. Nilimwonyesha shangazi: umeona mashine ilivyokuwa inaumwa? Nikafunga duka nikaenda kulala.

Asubuhi nikawasha, dirisha la ngao likatangulia kabla ya kitu kingine chochote. Siku 30 zilikuwa hazitajwi tena. Kuviondoa virusi vile kulitaka dola 59.95 kwa kadi ya benki, karibu shilingi laki moja kwa wakati ule. Nikilifunga dirisha, linarudi. Nikitaka kufungua Word, linasema Word imeambukizwa. Na deskitopu ilikuwa nyeupe. Folda la wateja halikuwepo.

Mlangoni alikuwa amesimama binti mmoja wa mwaka wa tatu. Tulikuwa tumempangia risechi yake siku tatu mfululizo, majedwali, kurasa, marejeo, naye alikuja kuprinti nakala ya mwisho na kufunga. Flashi yake ilishapotea kwenye daladala wiki iliyotangulia, kwa hiyo nakala pekee duniani ilikuwa kwenye mashine yetu. Akaniuliza, "Dada, nianze kulipia kabisa?" Sikuweza kumjibu. Alipozunguka kaunta akatazama kioo, aliketi kwenye boksi la karatasi na kujifunika uso kwa kanga, bila sauti. Nimeshuhudia misiba, lakini ukimya wa binti yule siujasahau.

Nilikuwa na kadi ya benki. Ninalisema hili kwa sababu baadaye watu huuliza mtu anawezaje kuweka namba zake mahali kama pale. Hivyo ndivyo inavyokuwa: mbele yako kuna mtoto wa watu anayelia, na dirisha linakuahidi kwamba ukilipa kila kitu kitarudi. Kadi nilishaitoa kwenye pochi. Shangazi ndiye aliyenishika mkono. "Ngoja kwanza. Mwite fundi."

Fundi alifika na mkoba wake, akaangalia orodha ya virusi kwa muda bila kugusa chochote. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Dada, D yenu ni nini?" Nikamwambia ni sehemu ya kuwekea CD. "Ina CD?" Akabonyeza kitufe, kisahani kikatoka kitupu. Kwenye kioo programu ilikuwa inasema imekuta virusi kumi na moja ndani ya D. Haikuwa imeskani chochote. Orodha ile ilikuwa imeandikwa tangu huko ilikotoka, na ingetokea vilevile kwenye mashine iliyotoka kiwandani jana.

Akachomoa modemu, akaizima mashine, akaiwasha huku anabonyeza F8 mpaka ikaingia kwenye hali salama, ile ambayo Windows hubeba vitu vichache vya lazima tu. Dirisha la ngao halikutokea. Akafungua dirisha jeusi la amri akaandika attrib na vistari na herufi zake. Alitueleza huku anaandika: programu za aina hii mara nyingi hazifuti kazi zako, zinayabandika mafaili alama ya kufichwa ili uamini yamepotea na ulipe. Amri ile inabandua alama. Alipobonyeza kitufe cha kuingiza, mafolda yakaanza kutokea kwenye deskitopu, moja, mawili, halafu mengi kwa pamoja. La binti lilikuwemo. Alinikumbatia mimi, mimi niliyemponza, na hilo likaniuma zaidi.

Fundi alikuwa bado anachimbua. Kwenye Chrome alikuta kile kitu nilichoongeza jana yake, akaniambia nifungue Facebook kwa simu nitazame ujumbe niliotuma. Nilifungua. Usiku kucha, nikiwa nimelala, jina langu na picha yangu vilikuwa vimewaandikia watu 43: wateja, ndugu, waimbaji wenzangu wa kwaya. Antivirusi kamili, bure siku 30. Nilibadilisha nywila, nikaanza kuwaandikia mmoja mmoja nikiwaomba wasifungue. Wasiojibu niliwapigia. Nilimaliza vocha mbili.

Aliyebaki bila kupatikana ni mwalimu mmoja mstaafu wa Kihonda. Laptopu yake alinunuliwa na binti yake aliyeko Mwanza, na mimi ndiye niliyemfungulia akaunti ya Facebook ili aone picha za wajukuu. Nilipanda bodaboda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu, karibu. Ile yako nimeshalipia."

Nilibaki nimesimama. Akaingia ndani akatoka na daftari lake la matumizi, la mistari, lenye jalada la gazeti. Akaniwekea kidole mahali penyewe. Chini ya mkaa na dawa ya presha alikuwa ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: *Antivirusi ya binti wa steshenari*, na kiasi. Alidhani nimeanza biashara mpya. Alilipa ili kuniunga mkono.

Nilimweleza pale pale barazani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hukuwa wewe?" Akauliza tena mara ya pili, kama mtu anayehakikisha jibu la mtihani. Tulikwenda benki siku hiyohiyo, kadi ikafungwa. Pesa zilizokwisha kutoka hazikurudi. Nilimlipa kwa mafungu matatu. La kwanza alilikataa, nikaliweka juu ya daftari nikaondoka, basi mengine akayapokea.

Fungu la mwisho nilimpelekea Septemba. Akaniomba nimwekee antivirusi ya kweli. Kulikuwa na ya Microsoft, Security Essentials, ya bure moja kwa moja, nami nikasema nitaipakua hukohuko kwao, siyo kwenye kiungo cha mtu. Akasema sawa, lakini nisubiri kwanza. Akavaa miwani, akavuta kiti karibu na changu. Akataka nitaje kila herufi ya anwani kwa sauti kabla sijaiandika, naye akawa anaifuatisha kwa kidole kwenye kioo, m, i, c, r, mpaka mwisho. Nilipotaka kubonyeza, akanishika mkono. "Rudia."

Nikarudia.