Kiurdu cha dukani, wiki ya 7: sawa isiyo sawa

Wiki hii nimeangushwa na neno ninalolitumia tangu utotoni.

Nilikwenda kuchukua suruali kwa fundi cherehani mmoja wa Ruwi, hapa Muscat. Ni Mpakistani, na tumekubaliana asinisemeshe Kiarabu, Kiurdu tu. Nikamuuliza, "Bhai, kitne paise hue?" Pesa ngapi? Akajibu, "Sawa do riyal."

Nikafurahi. Waomani wanaosema Kiswahili wapo tele mjini, nikadhani kashaokota neno kwao. Nikampa riali mbili. Kiganja kikabaki wazi. "Sawa do!" akasema tena. "Sawa, sawa," nikamwitikia, huyo nikashika mfuko wangu. Mteja aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyenistua.

Kumbe sawa ikitangulia namba ni "na robo". Alitaka riali mbili na baisa 250 (riali moja ni baisa elfu moja), nami namdhulumu huku nachekelea.

Usiku nikakaa na daftari. Mambo yalifunguka nilipoacha kufikiria hesabu nikafikiria saa. Sawa do ni mbili na robo. Saarhe teen ni tatu na nusu. Paune do ni mbili kasorobo, yaani 1.750. Tofauti ni kwamba sisi kasorobo huja nyuma, wao huitanguliza, na ndiyo maana kila siku nilikuwa nadaka ile "do" ya mwisho tu. Sasa naelewa kwa nini wiki ya tatu muuza matunda alinirudishia baisa 250 nikadhani ananihurumia!

Moja na nusu na mbili na nusu zina majina yao: dedh na dhai. Ukisema "saarhe ek" utachekwa. Na vipande hivi havikomei kwenye riali: dedh sau ni 150, dhai hazaar ni 2,500, sawa lakh ni 125,000. Lakh ni laki yetu ile ile, ila wao huiandika 1,00,000, na laki mia moja huwa crore. Baisa ya Oman, paisa ya Pakistan na pesa yetu ni ndugu pia. (Hela haimo, hiyo tulirithi kwa Mjerumani.)

Namba za 1 hadi 100 bado zinanitesa, maana karibu kila moja ina umbo lake. Pachees ni 25, pachaas ni 50. Fundi akisema harakaharaka siambulii kitu. Nimeacha kuzikariri kwa mfuatano, nashika zile za bei kwanza.

Alhamisi nilipeleka kanzu ikatwe urefu. "Dhai," akasema. Nikatoa mbili na nusu bila kuuliza. Kisha, kwa mteja aliyefuata na noti ya ishirini, nikamsikia akiuliza kuhusu "khulle". Chenji, bila shaka. Nimeiandika.