Nilipoacha kusubiri mvua: bustani yangu ya Phoenix

Kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, hakuna anayemwambia mwenzake siku ya kupanda. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, udongo unanukia na kila mama anatoka na jembe lake. Hata Nyarugusu, kambini kule Kigoma, nilikoishi miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, tulipanda kwa kunusa hewa. Hapa Phoenix, Arizona, hakuna cha kunusa. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200, kidogo wakati wa baridi, kidogo kwa dhoruba za Julai na Agosti. Miezi ya kuanza kupanda, Machi na Aprili, mbingu mara nyingi ni kavu.

Mwaka 2021, mwaka wangu wa kwanza kulima hapa, nilifanya kama alivyonizoeza mama: nilisubiri. Nilisubiri baridi iishe kabisa, nikasubiri na wingu. Miche ya nyanya niliitia ardhini mwisho wa Aprili.

Ilistawi, na hilo ndilo lililoniumiza. Ilitoa majani mapana na maua ya manjano tele, hata nikawaahidi watoto nyanya. Mei ikaingia. Kila asubuhi nikawa nakuta maua chini. Siku moja nilishika ua lililokuwa bado linaning'inia. Kile kifundo kidogo cha kwenye kikonyo kilikuwa kimegeuka njano. Nililigusa tu, likabaki mkononi. Nikapekua majani juu na chini, sikuona mdudu wala doa. Kumbe ni joto. Mchana ukishapita nyuzi 35 hivi, na usiku nao ukikataa kupoa, chavua ya nyanya inaharibika na ua halitungi tunda. Mwaka ule sikuchuma hata nyanya moja.

Mwaka uliofuata nilijitahidi zaidi na nikakosea pengine. Nilipanda mapema, lakini nikainua matuta. Kwetu tuta ni kinga, maji yakizidi mizizi haiozi. Nani wa kuogopa maji kuzidi hapa? Hewa kavu ililinyonya tuta juu na kando zote. Namwagilia jioni, asubuhi udongo ni unga.

Jirani yangu, mzee wa Kimeksiko mwenye ndimu na mikomamanga mizuri sana, aliniangalia siku kadhaa kutoka upande wake wa uzio, kisha akasema neno. Binti yangu akanitafsiria: mama, anasema ubomoe hayo matuta, mboga huku zinakaa shimoni. Nilimwamini palepale, maana nilikuwa nimemwona maji yake yanavyotulia kwenye mabeseni ya udongo chini ya miti.

Kwa hiyo Novemba 2022 nilianza kuchimba vijaruba. Jembe halikufaa kitu. Karibu sentimita 30 chini kuna tabaka jeupe wanaloliita kaliche, chokaa iliyoshikamana kama saruji, na maji hayapenyi. Tulileta sururu. Mume wangu alipiga, mimi nikatoa mawe kwa ndoo, jioni baada ya jioni. Kila shimo nililijaza maji nikaenda kupika. Nikirudi nikakuta maji bado yamesimama, basi sururu inarudi kazini. Mashimo yalipokubali kunywa, nilirudishia udongo uliochanganywa na mboji na samadi iliyooza vizuri, nikauacha uso wa kijaruba chini ya usawa wa njia, kiasi cha kiganja. Sijuti hata jioni moja ya kazi ile.

Tarehe sasa. Nilichukua kalenda ya kupanda ya idara ya ugani ya Chuo Kikuu cha Arizona, ile ya kaunti ya Maricopa, nikahesabu kinyumenyume. Mei ndiyo inayofunga mlango. Nyanya inahitaji miezi miwili na zaidi tangu kuhamishwa kitaluni hadi kuiva. Basi Machi ni kuchelewa kidogo, na Februari katikati bado kuna usiku wa kugandisha umande. Nikaamua wiki ya mwisho ya Februari, na usiku wa baridi kali nifunike kwa mashuka ya zamani. Mbegu nilizisia mapema Januari, ndani, kwenye vikopo vya mtindi dirishani. Nikachagua nyanya ndogo, zile za kishada, kwa sababu hutunga haraka na huvumilia joto kuliko zile kubwa.

Mboga zinazopenda joto zina saa yake nyingine. Wenyeji hutazama mti wa mesquite, wa jamii moja na mathenge wanaoujua watu wa Baringo na Turkana: ukichipua majani mapya, baridi imekwisha. Ulipochipua, nikasia bamia, kunde na lengalenga (Watanzania, mchicha). Vikonyo vya matembele vikaingia Aprili. Nyanya haziwezi kuusubiri mti huo.

Maji ndiyo yaliyonichukua muda mrefu kuyaelewa. Nilikuwa nanyunyiza kidogo kila siku, na juu ya udongo ukawa unaota ukoko mweupe, kwa sababu maji ya hapa yana chumvi nyingi na yakikauka yanaiacha pale pale. Ncha za majani zikaungua. Sasa naacha mpira utiririke taratibu mpaka maji yashuke na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Nina nondo nyembamba ya chuma. Naichomeka: penye unyevu inateleza, ikifika pakavu inagoma. Isipofika sentimita 30 sijamaliza. Baada ya hapo naacha siku mbili tatu, na matandazo ya majani makavu yanatunza kilichoingia. Dada zangu mliofika juzi, tafuteni nondo kabla ya kununua mbolea yoyote.

Mwisho wa Aprili nilitandika neti ya kivuli upande wa magharibi, kwa sababu jua la saa tisa alasiri ndilo linalobabua. Wiki ya pili ya Mei tukachuma bakuli la kwanza la nyanya. Mwanangu mdogo alizila zote amesimama palepale kijarubani, zikiwa na joto la jua, na mimi nikamwacha. Tuliendelea kuchuma mpaka katikati ya Juni, kisha nikaing'oa mimea yote. Iliniuma, ilikuwa bado kijani, lakini kuimwagilia nyanya ambayo haitatunga tena ni kupoteza maji.

Neti niliihamishia kwenye matembele. Julai ile ya 2023 kila mtu wa hapa anaikumbuka: siku 31 mfululizo joto lilifika nyuzi 43 au zaidi. Pilipili za jirani zilikauka zikiwa zimesimama. Mimi nilikuwa nje saa kumi na moja alfajiri na mpira wangu. Lengalenga ilikimbilia kutoa mbegu, bamia ikaendelea kama haijaambiwa kitu, kunde zikanywea mchana na kuinuka usiku. Matembele yalifunika kijaruba chote hata udongo usionekane. Nilichuma sufuria moja, nikayapika na mawese na dagaa wa Tanganyika waliotumwa na dada yangu, tukala kabla jua halijapanda.